Hiyo Kwetu Haipo

Kinyozi alikuwa na sheria moja tu katika saluni yake, na hata hiyo hakuitunga yeye, aliiokota kwenye methali. Ukiwa kwenye benchi unangoja zamu yako, halafu ukatoka kwenda kupokea simu usiyotaka wenzako waisikie, ukarudi ukakuta mwingine ameshakalia kiti, usigombe. Asiyekuwepo na lake halipo. Utaanza upya mkiani, tena utacheka pamoja na wanaokucheka, maana hata wao yamewahi kuwakuta.

Aliyetangaza hukumu hiyo alikuwa binti yake, mtoto mwembamba aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na mlango. Watu walimwita Kasuku. Jina hilo alipewa na mama yake, kwa sababu lolote lililosemwa kwenye benchi asubuhi, kufika jioni lilikuwa mdomoni mwa mtoto, limekamilika na mikogo yake yote. Mama alicheka, lakini alikuwa na wasiwasi pia.

"Siku moja utamwambia mwalimu wako maneno ya benchi," alikuwa akimwonya, "na mimi nitaificha wapi sura yangu?"

Mama huyo alikuwa msusi. Mume alinyoa chumba cha mbele, mke alisuka chumba cha nyuma, na katikati yao palining'inia pazia la maua ambalo halikuwahi kutulia. Kinyozi akimaliza kidevu cha mtu, hakugeuka. Alinyoosha tu mkono nyuma yake na kuita, "Mama! Taulo!" na mkono mwingine, wenye mafuta ya nywele vidoleni, ukatokeza kwenye pazia na taulo. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwita mkewe kwa jina lake. Kabla mtoto hajazaliwa alimwita "wewe", alipozaliwa akamwita Mama Kasuku, na kazi ikimzidi akawa anakata nusu: Mama. Wateja waligeuza jambo hilo kuwa mzaha. Walimwuliza huyo ni mama wa nani hasa, wa mtoto au wake yeye. Kinyozi alijibu kwamba mwenye akili hamgombezi anayempikia.

Homa ilimchukua Mama Kasuku kabla ya likizo ndefu. Ilianza kama homa za watu wote, za kumeza vidonge na kulala mapema, ikaishia hospitalini kwenye kitanda cha tatu kutoka dirishani. Kinyozi hakulia. Siku ya mazishi watu walisema amejikaza kiume, na wakamsifu. Siku zilipopita bado hajalia, sifa zikageuka, wakaanza kunong'ona kwamba ana moyo wa jiwe. Watu ni hodari wa kupima machozi ya mwenzao.

Wala haukuwa jiwe. Kila mtu amewahi kuukalia mguu mpaka ukafa ganzi: unauona, unaugusa, unajua kabisa ni wako, lakini ni kama wa mtu mwingine. Basi Kinyozi alikuwa hivyo mwili mzima. Alikula bila kujua amekula nini. Aliambiwa pole akasema asante, aliambiwa habari akasema nzuri, na alipoambiwa lolote jingine akasema sawa. Mikono yake ilinyoa kama kawaida, maana mikono ya fundi haimngoji mwenyewe. Ila mara nyingine, kidevu kikiisha, mkono mmoja ulinyooka nyuma kuelekea pazia na kubaki hewani umefunguka, mpaka mteja akohoe. Hapo Kasuku alishuka kwenye ndoo, akaenda kuleta taulo.

Dada yake Kinyozi, shangazi wa mtoto, ndiye aliyebaki baada ya waombolezaji kuondoka. Alikuwa mwanamke wa vitendo. Alifua kilichofulika, akagawa kilichogawika, akamsuka Kasuku nywele zikakaa upande. Kisha akamkalisha mdogo wake kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea, akasimama mbele yake.

"Mdogo wangu, mtoto wa kike hakui kwenye benchi la wanaume. Likizo ikiisha anaanza darasa la kwanza. Nipe niende naye, asome kule kwangu."

"Sawa," alisema Kinyozi.

Shangazi alikuwa amejiandaa kwa mabishano ya siku nzima. Jibu lile lilimvunja nguvu.

"Usinijibu sawa kama mtu anayepewa chenji! Mtoto wako huyu!"

"Nimesema sawa, Dada."

Shangazi alimtazama, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kumwonea mgonjwa, akatafuta njia ya haki. Shule ya pale mtaani haikumchukua kila mtoto. Mwalimu wa darasa la kwanza aliwasikiliza watoto wakisoma kabla shule haijafunguliwa, na ambaye hakuweza maneno mepesi alirudishwa chekechea. Kasuku aliacha chekechea mama yake alipougua, akiwa amefika a, e, i, o, u na wimbo wa kunawa mikono.

"Basi tufanye hivi," alisema shangazi. "Likizo nzima hii iko mbele yako. Mfundishe. Akichukuliwa, anabaki na wewe na sitafungua mdomo tena. Akirudishwa, anaondoka na mimi siku hiyohiyo. Mwaka mwingine juu ya ndoo siukubali."

Kinyozi akasema sawa. Kama angeulizwa anataka lipi kati ya hayo mawili, pengine angesema sawa vilevile. Lakini asubuhi iliyofuata, shangazi ameshaondoka, mteja mmoja alitoka kununua vocha akarudi akakuta zamu imepita. Kasuku akasimama juu ya ndoo yake akatangaza hukumu, benchi likacheka, kisha mtoto akamgeukia baba yake.

"Baba, nikienda kwa shangazi, nani atawatangazia?"

Hakulia wala hakulalamika. Aliuliza tu, kama mtu anayetafuta wa kumwachia kazi. Kinyozi alichovya brashi ya kunyolea kwenye povu la sabuni, akaenda kwenye kioo kikubwa, akaandika: ba, be, bi, bo, bu.

Hivyo ndivyo shule ilivyoanza. Kila siku mstari mmoja, kwa povu, pembeni mwa kioo ambako haukumzuia mteja kujiona. Kinyozi hakujua njia nyingine ila ile aliyofundishwa yeye utotoni, ya kufuata herufi kwa mpangilio na kuimba mpaka koo likauke. Kasuku aliimba akiwa juu ya ndoo, na benchi zima likaimba naye, wanaume wazima wenye mashuka shingoni. Wapo waliodai wamekuja kunyolewa ndevu, na kidevuni hamna kitu.

Silabi ni kama ndugu, ukiwaita wawili wawili wanakuja. Mstari wa kwanza ulileta baba. Kasuku alipoligundua neno hilo alilisoma, akamtazama baba yake, akalisoma tena kwa sauti kubwa zaidi, kama aliyemwona mtu anayemfahamu kwenye televisheni. Kisha wakaja babu na bibi. Mstari wa da ukamleta dada, wa ka ukamleta kaka. Ukoo ukawa unapita pale kiooni mmoja baada ya mwingine, ukisomwa, ukishangiliwa, ukifutwa kwa taulo.

Halafu wakamaliza la, le, li, lo, lu.

Kesho yake Kinyozi alichovya brashi kama siku zote. Akaandika herufi iliyofuata, ile yenye vilima viwili, akaimaliza vizuri. Alijua ya pili yake ni ipi. Alijua pia kwamba mtoto ataziunganisha mara mbili kabla yeye hajaweka brashi chini, na kwamba atalisoma kwa sauti kubwa mbele ya benchi zima. Hakusikia uchungu wowote. Mkono tu haukwenda. Povu likaanza kutiririka kutoka kwenye vile vilima viwili, na mteja aliyekuwa kitini akauliza kama umeme umekatika. Kinyozi akafuta kioo kwa kiganja.

"Leo tupumzike," alisema.

Siku iliyofuata aliandika na, ne, ni, no, nu. Alijiambia ataurudia ule mstari. Na kweli kila asubuhi alikumbuka, na kila asubuhi akapata sababu: benchi limejaa, sabuni imekaribia kwisha, mtoto ana mafua. Mtu anayetafuta sababu hajawahi kurudi mikono mitupu.

Aliyegundua alikuwa fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, mteja wa tangu zamani. Alikuwa kitini, kichwa kimeinama, Kasuku akiimba nyuma yake kuanzia mwanzo.

"Kasuku," alisema fundi, "hapo katikati umemeza kitu. Baada ya la."

"Sijameza. La, le, li, lo, lu. Na, ne, ni..."

"Ndiyo, lakini kabla ya na kuna..."

Akainua macho, yakakutana kiooni na macho ya Kinyozi. Mashine ilikuwa imetulia juu ya sikio lake, inanguruma bila kunyoa.

"Inamisha kichwa, fundi," alisema Kinyozi.

Fundi baiskeli akainamisha kichwa. Wakati wa kuondoka aliushika mkono wa Kinyozi muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akavuka barabara. Pengine angesema. Lakini kuna mambo ambayo hata rafiki huona aibu kuyataja, akidhani mwenyewe anayafahamu na atayamaliza kwa wakati wake.

Likizo ikaisha hivyo. Wakafika za, ze, zi, zo, zu, na Kasuku akawa anasoma kila alichokuta rafuni: sabuni, poda, taulo, kitana. Alisoma vibao vya barabarani kwa vipande, akiyaruka maneno yaliyomshinda bila haya yoyote. Benchi likamtabiria ushindi. Mzee mmoja mwenye mvi mbili tatu za kupunguzwa aliapa kwamba mtoto huyu atapita hata akiwa amefumba macho, na akatafutwa mtu wa kumbishia, asipatikane.

Siku ya kusikilizwa, shangazi alifika mapema, na begi tupu. Hakulificha.

"Nimeombea lirudi tupu," alisema, "lakini nimekuja nalo."

Shuleni watoto waliitwa mmoja mmoja. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyekaa kwenye kiti cha watoto kana kwamba amezaliwa nacho. Mezani alikuwa na kadi nene zilizoandikwa kwa mkono. Mzazi aliruhusiwa kukaa nyuma, kimya. Kinyozi akakaa, magoti yakamfika kifuani. Shangazi na wazazi wengine walibaki dirishani.

"Haya mwanangu, tusome. Usiogope."

"Siogopi, Mwalimu," alisema Kasuku, na haukuwa uongo.

Baba, akasoma. Kadi ikageuzwa. Babu. Bibi. Kaka. Dada. Alizisoma haraka, hata Mwalimu akaanza kutabasamu, na dirishani shangazi akawa anamwonyesha jirani yake kwa kiwiko. Ikaja kadi nyingine. Kinyozi aliiona kabla haijatua mezani.

Kasuku aliitazama. Akainamisha kichwa upande mmoja, kisha wa pili.

"Soma, mwanangu. Hii nyepesi kuliko zote."

"Hiyo kwetu haipo," alisema Kasuku.

"Haipo vipi?"

"Haipo tu, Mwalimu." Na kwa kuwa aliona Mwalimu hajaelewa, akamweleza kwa sauti ileile ya juu ya ndoo: "Asiyekuwepo na lake halipo."

Dirishani mtu mmoja akacheka, akanyamaza ghafla. Mwalimu hakucheka. Aliweka kadi ile kando, akatoa ya meza, akatoa ya moto. Zote mbili hazikuwepo. Akavua miwani, akamtazama mzazi aliye nyuma.

"Mzazi, ni mstari mzima?"

"Mstari mzima, Mwalimu."

"Mtoto anajua mpaka kitana, halafu hajui hili? Hili ndilo watoto wote huanza nalo. Nikimpitisha hivi nitakuwa nimemdanganya yeye na wewe."

Begi likasikika likiokotwa chini ya dirisha. Shangazi hakufurahi, tusimsingizie. Alikuwa na makubaliano, basi. Na Kinyozi alilisikia neno lake la siku zote likipanda kooni, tayari kusemwa kama lilivyosemwa kwa wote: sawa. Lilifika kwenye meno. Akamwona Kasuku amemgeukia, anangoja, uso wa mtu anayejua kwamba baba ataeleza sheria za nyumbani kwao, na wote wataelewa.

"Kosa si lake," alisema Kinyozi. "Ni langu. Nipe muda kidogo tu, Mwalimu. Nikae naye hapo nje."

Mwalimu alimtazama, akamtazama mtoto na nywele zake zilizosukwa upande.

"Bado nina watoto wengi," alijibu. "Nikimaliza wa mwisho, mlete."

Walichuchumaa nyuma ya darasa, penye vumbi laini kando ya bomba. Shangazi alisimama na begi lake, na kwa mara ya kwanza maishani hakutoa ushauri. Kinyozi hakuwa na brashi wala povu. Akaandika kwa kidole. Vilima viwili. Kidole kikasimama palepale kilipozoea kusimama, na safari hii hapakuwa na mteja wala benchi la kusingizia. Akaandika ya pili.

"Isome, Baba. Siijui."

"Ma," alisema Kinyozi.

"Ma. Halafu?"

Akaandika nyingine ileile pembeni yake. "Sasa ziunganishe."

"Anza wewe."

"Mama," alisema, na kwa kuwa mdomo wake ulijua njia moja tu ya kulitamka neno hilo, lilitoka kwa nguvu, kama la kuvuka pazia. Akajikuta anasikiliza. Aligundua kwamba anangoja taulo.

Hakuna aliyeitika. Maji yaliendelea kudondoka bombani, na ndani ya darasa mtoto wa watu alisoma kuku. Mguu uliokufa ganzi hauumi wakati wa ganzi, huuma damu inaporudi. Uchungu ulimjia hivyo, mpaka akashika ukuta. Mke wake alikuwa amekufa. Alikuwa amekufa tangu kabla ya likizo, na yeye alikuwa anamtaka, leo, sasa hivi, amwite na aitike.

Kasuku alikuwa ameinamia vumbi. Alilisoma neno lile kimyakimya kwanza, midomo ikicheza, kisha kwa sauti.

"Kumbe ilikuwepo," alisema.

"Ilikuwepo. Niliiruka."

"Kwa nini?"

"Ilinishinda, mwanangu."

Mtoto akalikagua lile neno kwa jicho la mtu aliyekwisha kusoma makubwa zaidi.

"Mbona si ngumu? Unafunga mdomo kwanza, halafu unafungua. Nifuate mimi. Ma."

"Ma," alisema baba yake.

"Me."

"Me."

Wakaenda hivyo mpaka mu, wakarudi, wakaenda tena. Shangazi alikuwa amewapa mgongo, amezama katika kulichunguza bomba.

Mtoto wa mwisho alipotoka, Mwalimu aliwaita. Kadi ileile ikawekwa mezani. Kasuku akafunga mdomo, akafungua, akasoma. "Mama." Akasoma meza. Akasoma moto. Mwalimu akatafuta nyingine chini kabisa ya rundo, mtoto akasoma mimi, kisha akarudia ya mwanzo bila kuombwa, kwa kuwa aliipenda.

"Huyu nimemchukua," alisema Mwalimu, na akakusanya kadi zake. "Jumatatu aje na chakula chake na asichelewe. Na methali zake aje nazo."

Dirishani shangazi alipiga kofi moja kubwa, akalikunja lile begi likawa dogo, akalitia kwapani. Wazazi waliobaki wakampongeza kana kwamba ni yeye aliyefaulu. Ni wakati huo ndipo Mwalimu alipoona kwamba mzazi aliye nyuma hajainuka. Alikuwa bado kwenye kile kiti kidogo, viganja vimefunika uso, mabega yanatikisika, na sauti aliyokuwa akiitoa haikuwa ya kujikaza kiume hata kidogo.

"Mzazi, vipi tena?" aliuliza kwa upole. "Mtoto amepita, wewe unalia?"

Kasuku alikuwa amesimama kando ya baba yake, mkono begani kwake, akingoja amalize.

"Mwache tu, Mwalimu," alisema. "Yeye ndiyo kwanza anaisoma leo."